Tathmini ya Boti Mbili

Nimekaa kwenye kamati za zabuni miaka ishirini na sita.
Nimelinganisha vitanda vya zahanati, matairi, chaki,
jenereta lililokuja na nguvu pungufu ya ahadi.
Leo usiku, hapa Kisasa, juu ya meza ya kulia
yenye utelezi wa mlenda pembeni,
nalinganisha boti.

Ndahani amezichapisha kwa rangi, karatasi kumi na nne,
akaweka miwani yangu juu yake, akaenda kulala.
Hakusema kitu. Ndivyo anavyoomba.

Ya kwanza: futi arobaini na mbili, umri miaka kumi na saba.
Injini mbili za dizeli, saa elfu moja mia nne.
Sitaha ya msaji, vyumba viwili, viti vya ngozi nyeupe
ambayo mtu mwenye wajukuu haithubutu hata kuitazama.

Ya pili: futi thelathini na nane, umri miaka kumi na miwili,
saa mia tatu na kumi tu.
Haijachoka, ameandika dalali,
imetunzwa kama bibi harusi.

Hapo nikachukua kalamu nyekundu.
Baba alinipeleka mnada wa Msalato nikiwa darasa la nne.
Ng'ombe aliyenona bila kutembea, alisema,
muulize mwenye naye amemfungia nini.
Saa mia tatu na kumi kwa miaka kumi na miwili:
haifiki saa ishirini na sita kwa mwaka.
Siku zilizobaki ilikuwa gatini, imefunikwa turubai,
chumvi ikila taratibu mahali pasipo na mkaguzi.

Ya kwanza ina risiti.
Pampu imebadilishwa, tarehe ipo, sahihi ya fundi ipo.
Propela ilipinda mwambani ikanyooshwa; wamekiri.
Mimi humwamini mzabuni anayekiri.

Bei siiandiki.
Ni shamba la zabibu la Hombolo, ekari zote sita,
na bado tungedaiwa mpaka mpini wa jembe.

Ukurasa wa tisa nikasimamisha kalamu.
Tangi la maji safi: lita mia nne.
Ya pili: mia mbili na hamsini.
Maji yaliyobebwa juu ya maji,
na choo kinachovuta kwa kubonyeza kitufe,
nami nina simtanki uani linalolia kama ngoma
tangu Jumatano.

Nilimuuliza mara moja tu:
kwa nini boti, wewe mtu wa Mpwapwa, usiyejua kuogelea?
Alikuwa anafunga kamba za viatu.
Manyoni, barua, akasema.
Kondoa, barua. Kongwa, barua.
Kuku tunawauza kwa hasara, watoto wanabadili shule,
kabati linavunjika mguu uleule.
Nataka niondoke mahali siku moja
bila barua ya uhamisho.
Akamaliza kiatu cha pili, akaenda kazini.

Saa nane usiku bomba likakohoa.
Likatema kutu, likatema hewa, kisha likaanza.
Akatoka na msuli wake, ndoo mbili mkononi,
tukajaza madumu, masufuria,
beseni alilokuwa akiogea Nyemo, ambaye sasa yuko Songea na ndevu.
Hatukuwasha taa; maji ya mgao tunayajua kwa sikio,
ndoo ikikaribia kujaa sauti hupanda.

Nani anaongoza? akauliza, ameinama.
Ya kwanza, nikasema. Kwa nyaraka.
Akanyamaza ndoo nzima.
Ya pili ina dirisha ubavuni mwa kitanda, akasema.
Mtu unaona nje huku umelala.

Kigezo hicho sikuwa nacho.
Nimerudi mezani na mikono mibichi,
nimechora safu mpya kwa rula,
wino ukatawanyika kidogo.
Juu yake nimeandika: dirisha.
Alama bado sijaweka.